Viazi Visivyouzwa Vibichi

Katika juma la mwisho la Machi, wakati vuli ya kwetu kusini huingia, matufaha huanza kuanguka yenyewe na asubuhi za ziwa Ranco hudai koti, nilikubali kulizunguka ziwa pamoja na Nelda, binti wa marehemu ndugu yangu, katika pikapu yake. Yeye alisema tunakwenda kutafuta vyakula vilivyotoka shambani siku hiyohiyo: jibini, asali, vitunguu saumu, matufaha ya kukamulia chicha, pombe yetu ya matufaha. Sikumpinga. Ila nilikuwa na haja yangu, ambayo kwa miaka mitatu nilikuwa nikiifuatia bila kumwambia mtu. Nilikuwa natafuta kiazi.

Hakikuwa kiazi cha kawaida. Nyumbani kwetu kiliitwa Kwato, kwa sababu kilipinda na kugawanyika ncha mbili kama kwato ya mbuzi. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, nyama yake ya manjano, na ukikikata unakuta pete ya zambarau imezunguka katikati, kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Mke wangu, Zoraida Rupailaf, alikuja nacho siku tulipooana, naye alikuwa amepewa na mama yake. Mimi nilifundisha katika shule ya misheni miaka thelathini na minane. Bustani ilikuwa yake. Nilikula viazi hivyo kila majira ya baridi, wala sikuwahi kuuliza vinapandwaje.

Miaka mitano iliyopita, mwezi Machi, Zoraida akiwa tayari anakohoa kikohozi ambacho kilimwondoa mwezi Juni, nilikuta mistari mitatu ya mwisho bustanini imechimbwa usiku au mchana, sikujua. Humo hakikubaki kiazi hata kimoja. Jirani yangu Belarmino Punoy alikuwa na njia ya kupitia pale, alikuwa na jembe, na alikuwa na midomo mingi ya kulisha. Zoraida sikumwambia, nisimwongezee uchungu; baada ya mazishi yake nilimwita Belarmino mwizi mbele ya watu, nje ya kanisa. Alivaa kofia yake akaenda zake, na tangu siku ile hatukusalimiana. Kiangazi kilichofuata ukungu ukaingia katika mistari iliyosalia, iliyojiotea yenyewe, na katika siku tisa majani yote yakawa meusi. Kwato ikaisha.

Kila Agosti watu wa upande wetu hukutana kubadilishana mbegu. Hapanunuliwi kitu pale. Kila nyumba huleta mbegu yake, na anayeitoa hutaja alipewa na nani, na huyo alipewa na nani. Kwa miaka minne nilikaa kwenye benchi la nyuma, mikono magotini, jina la Zoraida likirukwa kwa kuwa nyumba yake haikuwa na cha kutoa. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na nane. Nilijua kwamba nikifa kabla ya kukipata kiazi kile, jina lile halitatajwa tena pale.

Kwa hiyo nilipanda gari nikiwa na kisu changu kidogo mfukoni, na sikumwamini mtu yeyote mwenye meza kando ya barabara.

Meza ya kwanza ilikuwa ya kijana mnene aliyeandika kwenye ubao, Matufaha ya Bustani Yetu. Nelda alikwisha kushika kikapu. Nilichukua tunda moja, nikalikwaruza kwa ukucha.

“Hii nta umeipaka wewe, au mti wenu ndio unaotoa nta?” nikamwuliza.

“Mzee, hayo yanang'aa kwa umande.”

“Saa sita mchana?”

“Basi kwa jua.” Akacheka. “Ukitaka yenye funza ninayo pale nyuma, nitakupa bure.”

“Niletee hayo yenye funza. Funza hadanganyi.”

Nelda alinivuta mkono. Ndani ya gari alisema, “Baba mkubwa, tukienda hivi tutarudi nyumbani na kikapu cha upepo. Watu wanauza tu, hawaungami dhambi.”

“Anayeandika kwamba ni yake na si yake, anasema uongo kwa maandishi. Huo ni mbaya kuliko wa mdomo.”

“Haya, Mwalimu.”

Katika meza ya pili jibini lilikuwa zuri, lakini nilimwuliza mwenyewe ana ng'ombe wangapi, naye akasita kidogo kabla ya kujibu. Nelda alinunua huku akinikatia jicho. Tukaendelea kuelekea kusini, maji yakiwa upande wetu wa kushoto, mpaka tulipoiacha nchi yetu ya udongo mweusi wa majivu ya volkano tukaingia katika nchi ya udongo mwekundu, ule mzito unaoganda kwenye viatu.

Hapo, chini ya paa la bati, palikuwa na mwanamke mwenye umri wa miaka sabini hivi, amejifunga shali ya sufu, ametandika meza yake kwa usafi: mafungu ya vitunguu saumu vilivyosukwa, murta, vitunda vyekundu vya porini vinavyonukia, katika bakuli, pilipili ya kusaga iliyokaushwa kwa moshi. Pembeni palikuwa na chungu kikubwa kilichofunikwa kwa blanketi. Nelda alinunua murta, kisha akauliza ndani ya chungu mna nini.

“Viazi, mwanangu. Vya moto. Na chumvi na pilipili. Kula.”

Alitoa kimoja, akakikata vipande viwili juu ya karatasi. Niliiona pete ya zambarau kabla mvuke haujatoka wote.

Nelda alichukua kipande kimoja. Nilikichukua kile kipande kilichobaki, nikakigeuza. Kilikuwa na ncha mbili. Niliona mahali ambapo vijicho vya kuchipulia vilikuwa vimechokolewa kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, kabla ya kupikwa.

“Nataka vibichi vya aina hii,” nikasema. “Gunia.”

“Vibichi hakuna.”

“Nusu gunia.”

“Bwana, nimesema hakuna. Vilivyopikwa ninavyo. Kaa ule.”

“Umevipika kutoka wapi, kama vibichi hakuna?”

Mwanamke alikifunika chungu chake. “Jana vilikuwepo.”

Nilitoa pochi. Aliitazama pochi kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua aliyeingia jikoni, kisha akaanza kupanga upya vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangika. Nilitazama nyuma yake. Kulikuwa na nyumba ya mbao, ghala lililofungwa kwa kufuli, na chini ya dirisha ndoo ya maganda. Nilikwenda mpaka kwenye ndoo ile bila kuomba ruhusa. Maganda nayo yalikuwa yamechemshwa. Yalikuwa bado yanatoa mvuke. Ni mtu gani huchemsha hata maganda, na huchokoa kila kijicho, isipokuwa yule anayeogopa kiazi chake kikaonekana kimeota mahali pengine na watu wakauliza kimetoka wapi?

“Ni ya nguruwe,” akasema, akiwa amesimama nyuma yangu. “Au wewe ni mkaguzi wa nguruwe?”

“Mbegu ya kiazi hiki uliipata wapi?”

“Ardhini.”

“Kabla ya ardhi hii.”

“Mbona unauliza kama polisi? Umekuja kula au umekuja kuandika?”

Ndipo nilipogundua kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nelda alijaribu kupoza mambo. “Mama, msamehe baba yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu, kwake kila mtu ni mtoto aliyechelewa darasani.”

“Namwona,” mwanamke akajibu. “Na mimi shule sikumaliza, kwa hiyo sina cha kusahihishiwa.”

Hapo nilikasirika, nami nakiri kwamba niliongea kwa sauti. Nilimwambia kwamba kiazi kile kilikuwa cha nyumba moja tu katika ziwa zima. Kwamba kiliibwa mistari mitatu, mwezi Machi, miaka mitano iliyopita. Kwamba nilidhani nilimjua mwizi, lakini sasa naona huenda mwizi alikuwa na mnunuzi upande huu wa maji. Nilisema kwamba siondoki mpaka lile ghala lifunguliwe.

Mwanamke hakupandisha sauti. Alivuta kigoda, akaketi, akafuta mikono kwenye aproni, kidole baada ya kidole.

“Ilikuwa nyumba ya nani?”

“Nyumba yangu.”

“Nakuuliza bustani ilikuwa ya nani.”

“Ya mke wangu.”

“Hana jina?”

Nelda alinitazama. Nilitambua kwamba tangu tushuke garini nilikuwa nimesema nyumba yangu, kiazi changu, hasara yangu.

“Zoraida,” nikasema. “Zoraida Rupailaf.”

“Ahaa.” Mwanamke akashusha pumzi. “Basi umefika, Don Rosamel. Mimi nilikujua tangu uliposhusha mguu, hata kabla hujachungulia ndoo ya nguruwe wangu. Nilitaka tu nikusikie ukimtaja.”

Nilimwuliza amenijuaje. Mashaka yangu hayakupungua. Kwa kweli yaliongezeka, maana mwizi mwerevu humjua mwenye mali.

“Mimi ni Uberlinda Calfuleo. Na mkeo tulikuwa tunaitana dada tangu tukiwa wasichana, tukivuna matufaha kwenye shamba moja la Wajerumani. Alikuja hapa siku ya Jumanne, mwezi huo wa Machi unaousema. Alishuka kwenye basi amevaa koti la bluu, ana gunia mgongoni na kikohozi kifuani. Nikamwambia, wewe mwehu, unabeba mzigo na mapafu hayo? Akasema mbegu imechoka.”

“Imechoka?”

“Kwa udongo wenu mweusi. Kiazi kikilimwa miaka mingi mahali pamoja kinachoka, kinakuwa kidogo, ukungu unakipenda. Unakihamisha kwenye udongo mwingine, kinapumzika miaka minne, halafu unakirudisha. Hilo hata mtoto wa huku analijua.” Akanitazama. “Hamkufundishwa misheni?”

Sikufundishwa. Mapadre walitufundisha hesabu, katekisimu na Kilatini, na mimi niliwafundisha wengine vilevile. Katika nyumba yangu mwenyewe mbegu zilikuwa zimekwenda na kurudi kutoka ng'ambo ya ziwa, labda mara kumi katika ndoa yetu, nami nilimwona tu akipanda na kushuka mabasi.

“Kwa nini hakuniambia?” nikauliza.

“Alisema alikuambia. Alisema ulikuwa unasahihisha daftari la ubatizo, ukajibu, ‘Vema, vema.’”

Nelda aligeukia ziwa. Mimi nilibaki nimesimama. Nilitafuta kosa katika maelezo yake, kama nilivyokuwa nikitafuta kosa katika insha, nami nililipata moja, au nilidhani nimelipata.

“Kama ni kweli, miaka minne ilikwisha mwaka jana. Mbona hukuvirudisha?”

“Sikungoja hata iishe. Miaka miwili iliyopita nilisikia kwamba ukungu umekumalizia vyote, nikapanda basi na kikapu. Nilipiga makofi kwenye geti lako. Ulifungua dirisha kiasi hiki,” akaonyesha upana wa vidole viwili, “ukasema, ‘Hatununui kitu hapa, nenda zako.’ Nikasema sikuja kuuza. Ukasema, ‘Hivyo ndivyo wasemavyo wote.’ Ukafunga.”

Nilikumbuka. Sikuukumbuka uso, maana sikuutazama, lakini maneno yalikuwa yangu.

“Nilirudi na kikapu changu, Don Rosamel. Mabonde mawili na mvua. Dada yangu alinipa masharti: kisiuzwe, asipewe mtu baki, kisiote kwenye bustani ya mtu asiyejua kimetoka wapi. Kinachozidi mbegu nakipika. Ndiyo maana nachokoa macho, na maganda nachemsha, maana juzijuzi alikuja jamaa na gari jeupe, anaokota hata maganda, eti ya utafiti. Nimechoka kukilinda. Jumapili nahamia Valdivia kwa binti yangu, goti limekataa. Kilichobaki ghalani ni mbegu tupu. Asipokuja wa kuichukua kabla ya Jumapili, nakipika chote, nikijua nimemtendea haki marehemu.”

Ilikuwa Ijumaa. Niliingiza mkono mfukoni tena kutafuta pochi, kwa mazoea.

“Rudisha hiyo!” akasema kwa ukali. “Unataka kuninunua? Unajua inavyokuwa. Mbegu haitoki hapa mpaka nyingine iingie. Dada yangu aliniahidi maharage yake, yale meupe yenye doa jekundu. Alisema, atakayekuja atakuja nayo. Niletee hata ujazo wa kiganja, nami nakufungulia ghala.”

“Maharage hayo hayapo,” nikasema. “Baada yake sikupanda kitu. Bustani ni nyasi.”

Nilipolisema hilo niliona kwamba kiazi kimenipita tena, safari hii kikiwa nyuma ya mlango wa mbao, hatua kumi kutoka viatu vyangu.

Ndipo Nelda akakohoa. “Baba mkubwa, usinikasirikie. Maharage yapo. Belarmino anayo. Mwaka huu yamepanda ua wake wote, nimeyaona kwa macho. Aliyapata kwa mama mkubwa, walibadilishana kwa vitunguu.”

“Wewe unaingia kwa Belarmino?”

“Kila Jumamosi. Mkewe ananipikia.”

Tulirudi njia ileile, nami sikukagua meza hata moja. Nilipofika mbele ya geti la Belarmino jua lilikuwa bado juu ya milima, na mbwa wake wawili walinibwekea kama walivyoagizwa kwa miaka mitano. Nilipiga makofi mara tatu, kama ilivyo desturi yetu. Hakutoka mtu. Nilipiga tena. Niliona pazia likifunguka upana wa vidole viwili.

“Hatununui kitu hapa!” Belarmino akapaza sauti kutoka ndani.

Nilitazama upande wa Nelda. Alikuwa ameinama juu ya usukani. Sikujua kama habari ile ya dirisha langu ilikwisha kumfikia Belarmino zamani, au kama watu wa ziwa hili wote tunajua kusema sentensi moja.

“Sikuja kuuza, Belarmino. Nimekuja kuomba.”

Alitoka, ameshika kofia mkononi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyoona nilipokuwa nikimwepuka. Alisimama upande wake wa geti, nami upande wangu, mbwa katikati.

“Nilikuita mwizi mbele ya watu,” nikasema. “Hukuwa mwizi. Zoraida mwenyewe ndiye aliyechimba, akapeleka mbegu ng'ambo. Nitalisema Jumapili palepale nilipolisema lile jingine, kwa sauti ileile.”

“Unanijia baada ya miaka mitano kuniambia jambo ambalo mimi nalijua tangu siku ya kwanza?”

“Ulijua kwamba ni yeye?”

“Nilijua kwamba si mimi. Hiyo ilinitosha.” Akavaa kofia. “Na unaomba nini?”

Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kifupi, kikavu.

“Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwenye mali, na wewe ndiye unayetazama bustani yangu kwa macho ya tamaa. Mbwa, mwangalieni vizuri huyu.”

Aliingia ndani. Alikawia kiasi kwamba nilianza kudhani ananiacha nikae pale hadi nizeeke zaidi, na nisingekuwa na haki ya kulalamika. Aliporudi alikuwa na mfuko wa kitambaa. Nilipoupokea, mkono wangu ulianza kuufungua nihakikishe. Nikauzuia.

“Fungua tu,” akasema. “Ukifika huko ukakuta ni mawe, utaniita nani tena?”

Nilifungua. Yalikuwa meupe, kila moja na doa lake jekundu.

“Ila mbegu haitoki bure hapa pia,” Belarmino akaongeza. “Ziwa zima limesema nimekula kiazi kile. Miaka mitano nimebeba jina la kukila, na sijawahi hata kukionja. Niletee nionje, angalau niwe mwizi aliyeshiba.”

Kesho yake, Jumamosi, Uberlinda aliyamimina maharage kwenye aproni yake, akayachanganya kwa vidole, akayanusa. Kisha akatoa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni pamoja na medali yake, akafungua ghala. Magunia mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani, udongo mwekundu umekauka juu yake.

“Hiki nilipewa na Zoraida Rupailaf,” akasema, mkono juu ya gunia la kwanza, kwa namna tusemavyo katika mkutano wa Agosti, “naye na mama yake, Doña Clorinda, naye na mtu wa visiwani ambaye jina lake lilisahaulika. Sema na wewe.”

Nikayarudia yote, nikaongeza mwishoni jina la Uberlinda Calfuleo, aliyekilinda. Aliitikia kwa kichwa.

Nelda alipokuwa akibeba gunia la pili, nilitoa kisu changu. Nilichukua kiazi kimoja kutoka juu na kingine kutoka chini kabisa, nikakata cha chini. Pete ilikuwemo.

“Hata leo, shemeji?” Uberlinda akauliza.

Niliunganisha vile vipande viwili, nikavifunga katika leso yangu, nikaviweka mfukoni kando ya kile kizima. Kiazi kilichokatwa mwezi Machi hakifai kusubiri kupandwa. Kingemfaa Belarmino, chunguni, siku hiyohiyo.